Mkono Mzito wa Muhidini

Pale Ipogolo, bondeni, ambapo malori hupumzika kabla ya safari na magari madogo hukaza roho kuupanda mlima wa Iringa mjini, Muhidini alikuwa na sifa mbili. Ya kwanza, hakuna injini iliyomshinda. Ya pili, throto ilimshinda. Ile ya kwanza walimtangazia watu. Ya pili alijitangazia mwenyewe, tena kabla hujamuuliza.

Mteja akija na gari linalopanda resi, linanguruma lenyewe bila kukanyagwa mafuta, Muhidini alifungua boneti, akaifungua ile throto taratibu kama anayemvua mgonjwa shati, akaizungushia kitambaa safi na kuikabidhi kwa basi la Mbeya. Kule Mwanjelwa ilipokewa na Mzee Jaha, mwalimu wake, ambaye pia alikuwa baba mkwe wake. Baada ya siku chache ilirudi imepona. "Mkono wangu mzito, mama," aliwaambia wateja huku akicheka. "Throto inataka mkono wa mzee."

Kwa asiyejua mambo ya magari, throto ni kile kidude cha aluminiamu kinachokaa kwenye mdomo wa injini. Ndani yake mna tundu la mviringo, mafundi huliita koo, na katikati ya koo pana kisahani chembamba wanachokiita kipepeo. Ukikanyaga mafuta, kipepeo hufunguka na injini ikavuta pumzi. Ukiachia, springi hukirudisha. Kisiporudi, wewe si dereva tena, wewe ni abiria kama wengine. Na Iringa ni mji wa kupanda na kushuka, kwa hiyo throto inayonasa si jambo la kufanyia utani.

Muhidini alizaliwa Mbeya, mjukuu wa wauza nguo waliopanda kutoka pwani na mizigo yao na wasirudi tena. Baba yake alifariki yeye akiwa angali anacheza mpira wa makaratasi. Mzee Jaha, jirani yao msikitini, akamchukua. Alimpa spana, akampa sahani ya ugali iliyokaa pamoja na sahani za watoto wake, na alipokua akampa binti yake Nasrin kwa mahari ndogo mno, ya kuona haya kuitaja. Muhidini alimpenda mzee yule kwa mapenzi ya mtoto aliyeokotwa, na mapenzi ya namna hiyo hayana macho.

Mwaka waliooana, kampuni moja ya mabasi ilitafuta mkuu wa gereji. Muhidini alikwenda kwenye majaribio akashusha injini, akaipandisha, akawaacha watu midomo wazi. Mwisho wakampa throto aifumue na kuifunga upya. Akaifunga. Ikanasa. Akafungua, akafunga tena, ikanasa vilevile, na bwana mmoja aliyevaa koti jeupe akamwambia ahsante, unaweza kwenda. Alirudi Mwanjelwa kichwa chini. Mzee Jaha alimkalisha kwenye benchi, akamshika begani. "Mwanangu, Mungu hampi mja vyote. Kuna mikono ya injini na kuna mikono ya throto. Wako mzito. Usijidhulumu nafsi yako kwa jambo ambalo hukuumbiwa."

Muhidini alilia, akashukuru kwa kupata mtu wa kumwambia ukweli. Baadaye akahamia Iringa na mkewe, akafungua gereji yake Ipogolo, binti yao Hanifa akazaliwa, akakua, akaolewa Songea. Maisha yakaenda. Mwenzake waliyefunzwa pamoja, Masumbuko, alifungua ya kwake Chimala. Naye mkono wake ulikuwa mzito. Naye alipeleka throto Mbeya. Walipigiana simu na kutaniana kwamba wao ni ndugu wa mkono mmoja, tena mbovu.

Utauliza, fundi mzima, mwenye mvi, hakutafuta hata siku moja kwa nini throto zake zinanasa? Ndugu yangu, mtu akishaambiwa na anayemheshimu kwamba kosa liko mkononi mwake, hatafuti tena kwenye chuma.

Kisha Mzee Jaha akafariki.

Arobaini yake ilikuwa imekaribia, bado siku chache tu Muhidini na Nasrin wapande basi kwenda Mbeya kwenye khitma, ndipo Faustina alipoingiza pikapu yake gereji. Faustina alikuwa mkulima wa nyanya kutoka Kalenga, mama mwenye sauti ya kwaya ya Kilutheri na vidole vilivyokomazwa na jembe. Nyanya zake zilifika sokoni Iringa kwa ile pikapu, na pikapu isipotembea zilioza shambani.

"Kamwene, fundi."

"Kamwene, mama."

"Gari yangu imepata kiburi. Nikikanyaga mafuta inagoma, nikikaza mguu inaruka kama imeshtuliwa na nyuki. Nikiachia, resi inabaki huko huko juu. Juzi kidogo niingie dukani kwa watu na nyanya zangu."

Muhidini alifungua boneti, ingawa alishajua. "Throto, mama."

"Si uipeleke Mbeya kwa yule mzee wako, kama siku ile?"

"Mzee hayupo. Tulimzika."

"Uuwi! Pole, baba. Bwana alitoa na Bwana ametwaa." Lakini nyanya hazijui msiba, kwa hiyo akauliza, "Sasa nani ataitengeneza?"

Muhidini alitazama barabara ya Mbeya kama vile basi lingetokea na jibu. Alijua kwamba siku hii ingekuja. Tangu mazishi alikuwa na dua moja ambayo hakumwambia mtu: kwamba mkono wa mzee umshukie yeye. Asiporithi mkono ule, basi hakuna fundi tena, amebaki nusu fundi anayeomba udhuru, na sasa hana hata pa kupeleka udhuru wake.

"Nitajaribu mwenyewe," alisema.

Alifanya kila kitu kama alivyofunzwa. Alitoa kipepeo, akachomoa mhimili wake, akabadilisha bushi na sili zilizolika, akaweka springi mpya, akaosha koo mpaka likang'aa. Ikafika hatua ya mwisho, ya kukirudisha kipepeo kwenye mhimili kwa skrubu zake mbili. Hapo palikuwa na jambo ambalo hakuna fundi mwingine aliyelijua isipokuwa wanafunzi wa Mzee Jaha. Unachana kipande kidogo cha karatasi ngumu ya ganda la kiberiti, unakibana kati ya ukingo wa kipepeo na ukuta wa koo, unakaza skrubu, kisha unakichomoa. "Kipepeo lazima kiachiwe nafasi ya kupumua," mzee alikuwa akisema. Muhidini alichana kikaratasi, akasema bismillahi, akakibana, akakaza, akakichomoa. Akakisukuma kipepeo mara moja kwa kidole, kikarudi, akashukuru. Faustina akaondoka na nyanya zake.

Hakuumaliza mlima. Alipokuwa akiikaribia kona resi ilinasa juu, naye mbele yake kulikuwa na lori lililojaa mbao likijikokota. Alizima ufunguo, akavuta breki ya mkono kwa nguvu zote za Kalenga, matenga mawili yakapinduka nyuma. Wapita njia walimsaidia kugeuza gari, akateremka nalo polepole, injini imezimwa, mpaka Ipogolo. Aliposhuka hakuchagua maneno.

"Fundi, unataka watoto wangu wanizike?"

"Nisamehe, mama."

"Sitaki samahani, nataka gari. Mficha uchi hazai. Kama imekushinda sema, nikatafute mwingine mjini."

Ile kauli ya siku zote ilimjia Muhidini mdomoni, mkono wangu mzito, akaimeza. Kwa nani sasa angemwelekeza mama huyu? "Nipe mpaka mchana," alisema. "Isipopona, nitakukodia gari la kubebea nyanya mimi mwenyewe, na throto sitaigusa tena maisha yangu."

Faustina alikaa juu ya tenga lililopinduka, akaanza kutenga nyanya nzima na zilizopasuka. Muhidini akarudi kwenye injini.

Kwa mara ya kwanza hakuutazama mkono wake. Alikitazama chuma. Alichomoa kebo ya mafuta, akakifungua kipepeo kwa kidole, akakiachia. Kikanasa. Basi si kebo. Akakagua springi, inavuta, haijakwaruza popote. Labda boliti zimekazwa upande na kuipinda throto. Akazilegeza zote, akajaribu tena. Ikanasa vilevile. Akaifungua yote akaishika mkononi, na hata pale mkononi, bila injini, bila kebo, bila boliti, kipepeo kilifika mwisho wa safari yake kikakwama na kung'ang'ania. Kwa hiyo ugonjwa ulikuwa humo humo kooni.

Aliinua throto akaielekeza kwenye jua, akachungulia. Kipepeo kikiwa kimefungwa, upande mmoja wa ukingo wake ulipitisha mwanga mwembamba kama mwezi mwandamo. Upande wa pili ulikuwa giza tupu. Alipousugua ule upande wa giza kwa kucha aligusa mstari uliokwaruzwa, mpya, unaong'aa. Kipepeo kilikuwa kimekaa upande. Kilikuwa kinakula ukuta. Na ule upande wenye mwanga, ambako kulikuwa na nafasi, ndiko alikokibana kile kikaratasi.

Alikaa chini. Akachukua bisibisi, akazilegeza skrubu zile mbili kidogo tu. Kipepeo kikacheza. Akakifunga kwa kidole gumba, akakigonga mara moja, nacho kikajikalisha chenyewe katikati, kwa hiari yake, kama kilikuwa kinangoja ruhusa. Akaelekeza juani. Mwanga ulikuwa umezunguka pande zote sawasawa. Akakaza skrubu kikiwa kimefungwa vilevile, bila karatasi, bila chochote. Akafungua, akaachia.

Tap.

Akarudia. Tap. Akarudia tena na tena mpaka Faustina akainua uso kutoka kwenye nyanya zake.

"Imepona?"

"Imepona, mama."

"Kumbe mkono unao! Siku zote ulikuwa unatusumbua na Mbeya, Mbeya."

Muhidini alicheka. Furaha ilimpanda mpaka machoni, furaha ya mtu aliyeambiwa tangu ujana kwamba ni kilema, kisha siku moja akasimama akatembea. Alifikiri, mzee angeona hili. Na fikra hiyo ndiyo iliyomgeuka. Mzee aliliona hili. Aliliona kila siku ya maisha yake, kwa sababu throto za mzee hazikunasa hata moja.

Basi kumbukumbu ikaanza kujipanga yenyewe bila kuitwa. Mzee Jaha kwenye meza yake Mwanjelwa, vijana wamemzunguka. Anachana kikaratasi mbele yao. Anakibana mbele yao. Anakaza skrubu ya kwanza mbele yao. Halafu, bila kuinua uso, anasema: "Haya nyie, kaniwekeeni maji ya kunawa. Hapa tumemaliza." Vijana wanatawanyika, huyu ndoo, huyu sabuni, kila mmoja akigombea thawabu ya kumnawisha mwalimu. Wakirudi, throto imekwisha, inapiga tap, tap. Nani angemshuku mzee anayetaka maji ya kunawa? Ilikuwa adabu. Walifundishwa kwa adabu zao wenyewe kugeuza migongo.

Hakuwa amesahau kuwaambia. Mtu husahau jambo, hasahau kubuni uongo wenye kikaratasi. Alikaa akafikiri, akakata ganda la kiberiti, akatunga na maneno matamu ya kupumua. Kisha akamwona mtoto wa watu anarudi kutoka kwenye majaribio amevunjika, akamshika bega, akamwambia mkono wako mzito. Kwa mdomo ule ule uliomwombea dua. Muhidini akaegemea pikapu.

"Fundi, umeugua?" Faustina aliuliza.

"Naja, mama. Nakwenda nyumbani mara moja, nikirudi naifunga."

Aliichukua throto akapanda nayo kilima, nyumbani kwake hapakuwa mbali. Alikuwa amebakiwa na mtu mmoja wa kumwambia. Alitembea akiwa na hasira, ndiyo, lakini pia na huruma, kwani atamwambiaje Nasrin kwamba baba yake, ambaye bado wanamlilia, alikuwa mtu wa namna hiyo? Njiani aliamua atamficha. Atamwambia tu kwamba throto imepona. Mengine atayameza.

Nasrin alikuwa uani, ungo mapajani, akichambua mawe kwenye mchele ambao Masumbuko aliwatumia kutoka Chimala kwa ajili ya khitma.

"Umerudi mapema, baba Hanifa."

"Nimeitengeneza throto. Ya yule mama wa Kalenga. Mimi mwenyewe. Hainasi."

Nasrin angeweza kusema alhamdulillahi. Angeweza kusema hongera mume wangu. Mke yeyote angesema hivyo na siku ingepita. Lakini ulimi hauna mfupa. Vidole vyake vilisimama kwenye mchele, akauliza polepole:

"Hukuweka kikaratasi?"

Muhidini hakuwahi kumwambia mkewe habari za kikaratasi. Kwake throto hazikuzungumzwa, zilikuwa aibu yake na aliiacha gereji. Alimtazama Nasrin, na Nasrin akajua alichokisema, akashusha macho kwenye ungo.

"Umejuaje?"

Nasrin alirudi kuchambua mawe.

"Mama Hanifa. Umejuaje kuhusu kikaratasi?"

"Nilikuwa namshikia baba tochi," Nasrin alisema. "Nyie mlikuwa mnatumwa maji. Mimi nilikuwa mtoto wa kike tu, nani angeniogopa? Mkishaondoka analegeza tena skrubu, anakifunga kipepeo, anakigonga kidogo kikae, ndiyo anakaza. Kila mara. Nilidhani ni mchezo wake na nyie."

"Mchezo."

"Nilikuwa mdogo."

"Ulipoolewa ulikuwa mdogo?"

Nasrin aliutua ungo chini. Alikuwa mwanamke wa maneno machache na mkweli kwa majirani, na labda ndiyo maana sasa ukweli ulimtoka wote kwa mkupuo, kama aliyechoka kuubeba. "Kabla ya ndoa aliniita. Akasema mwanafunzi ukimpa yote anaondoka, ukimbakizia kidogo anarudi. Akasema huyu kijana ana akili, akijua na hili lililobaki, makampuni yatamchukua, atakwenda Dar, atakuta wanawake wasomi, wewe utabaki unaangalia barabara. Ukinyamaza, atakuwa wako na atakuwa wangu. Nikanyamaza. Mwanzoni niliogopa. Halafu miaka ikapita, nikawa naogopa ile miaka."

"Siku ya majaribio ya kampuni ya mabasi. Ulijua watanipa throto?"

"Ulisema mwenyewe jana yake kwamba watakupa."

"Asubuhi ile ulinipigia pasi shati."

"Nilikupigia."

"Ukanisindikiza mpaka barabarani."

"Nilikusindikiza, Muhidini." Machozi yalikuwa yakimtoka sasa, na hakuyafuta.

Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema, na wengi wetu hulisema neno hilo kwa mzaha. Muhidini alisimama na throto mkononi, akamtazama mwanamke aliyempikia, aliyemzalia, aliyempaka mafuta mgongoni alipoangukiwa na giaboksi. Mzee Jaha aliiba kazi yake, hilo aliliona. Lakini huyu? Huyu alikuwa akilala kando yake usiku baada ya usiku, akimsikia akijilaumu, akimwambia, "Acha kuwaza, kila mtu na riziki yake."

"Unajua kinachoniuma?" alisema. Hakupaza sauti, na Nasrin angependelea apaze. "Si kazi ya mabasi. Ni kwamba mimi sikuwahi kufikiria kuondoka. Hata siku moja. Nilikaa kwa sababu nilikupenda. Wewe ukadhani nimekaa kwa sababu sijui kufunga skrubu. Umeishi na mimi umri wote huo kama kuku uliyemkata mbawa, hujawahi kuishi na mume."

"Msamehe baba," Nasrin alisema. "Unichukie mimi, lakini yeye msamehe, yuko kaburini."

"Nimeshamsamehe. Pale makaburini walipouliza nani ana madai na marehemu, nilikuwa wa kwanza kusema sina, nimemsamehe kwa ninalolijua na nisilolijua. Limekwisha hilo, siwezi kulirudisha. Lakini wewe uko hai, mama Hanifa. Kwako bado sijaulizwa."

Nasrin alijikunja kama aliyepigwa. Kisha akasema kwa haraka, akimshika upindo wa ovaroli, "Basi nakuomba moja. Usiwaambie mafundi. Siyo kabla ya khitma. Watakuja wote, watakaa mkekani kumwombea. Wasimwombee huku wanamlaani. Nakuomba, hana kitu kingine alichobaki nacho ila jina."

Simu ya Muhidini ikaanza kulia mfukoni. Ilikuwa simu mbovu ambayo husikii mtu mpaka uweke sauti ya nje, na uani pale ikasikika kwa wote wawili. Alikuwa Masumbuko.

"Kaka, habari za huko? Mchele umefika?"

"Umefika, ndugu yangu."

"Shukuru Mungu. Sasa kaka, nimekwama. Nina throto hapa tangu kabla ya msiba, ya mwalimu mmoja, anaendesha na watoto wake humo ndani. Inanasa. Nimeosha, nimebadilisha springi, mpaka naiota. Mzee ndiyo hivyo hayupo. Sisi wenye mikono mizito tutapeleka wapi sasa?"

Muhidini alimtazama Nasrin. Nasrin alikuwa amefumba macho.

"Umeweka kikaratasi?" Muhidini aliuliza.

"Nimeweka, kama kawaida. Kipepeo kipumue."

"Usiweke. Legeza skrubu, kifunge kipepeo kabisa, kigonge kidogo kijikalishe chenyewe. Kaza kikiwa kimefungwa."

"Bila kikaratasi? Kaka, mzee alisema…"

"Fanya nilivyosema. Niko kwenye laini."

Wakamsikia Masumbuko akiweka simu mezani. Wakasikia bisibisi ikigonga chuma, na jogoo wa mtu huko Chimala, na lori likipita. Mume na mke walisimama uani bila kutazamana wakisikiliza kazi ya mtu mwingine. Kisha ikaja ile sauti, ndogo, ya mbali, tap, na baada yake tena, tap, na Masumbuko akapiga kelele.

"Inarudi! Kaka, inarudi! Wallahi inarudi!" Alicheka mpaka akakohoa. Alicheka kama Muhidini alivyocheka muda mfupi uliopita, na kama Muhidini, kicheko kikamwishia katikati. Aliporudi kwenye simu sauti yake ilikuwa imebadilika. "Nani kakuonyesha hii?"

Nasrin alifumbua macho. Alimwangalia tu mumewe.

"Mzee," Muhidini alisema.

"Mzee Jaha?"

"Ndiyo."

Muhidini alitambua alichokifanya, lakini neno lilikuwa limeshatoka.

"Aha," Masumbuko alisema. "Mkwe. Nilitakiwa kujua. Wewe ulioa pale, mimi nilikuwa mtoto wa kuchota maji tu. Kwa hiyo siku zote hizi unajua? Unazipeleka throto Mbeya kwenye basi ili tukuone mwenzetu?"

"Masumbuko, sikiliza…"

"Hapana, sikiliza wewe. Mimi nilifukuzwa kazi Makambako kwa ajili ya throto. Unakumbuka? Mke wangu alirudi kwao na watoto. Ulinipigia simu jioni ile, kaka. Ukanipa pole. Ukaniambia Mungu hampi mja vyote. Ukaniambia hivyo huku unajua!"

Sentensi moja tu ingetosha. Muhidini alikuwa nayo kwenye ulimi: na mimi alinificha, nimeijua leo, muulize Nasrin. Alifungua mdomo. Mbele yake mke wake alikuwa amekishika kiganja chake kwa kingine mbele ya kifua, kama mtu anayeomba, na midomo yake ilikuwa ikitamka bila sauti neno moja tu, baba, baba. Hakumpenda katika dakika ile. Alimhurumia, na huruma ikamfunga mdomo.

"Tutaongea kwenye khitma," alisema.

"Siji. Mle mchele wangu salama."

Simu ikakatika. Muhidini aliirudisha mfukoni. Kule chini Faustina alikuwa akipiga honi ya pikapu, anaita fundi wake, nyanya zinapigwa na jua.

"Ahsante," Nasrin alinong'ona. "Ahsante, baba Hanifa. Mungu akulipe."

Muhidini aliipangusa throto kwa kitambaa, akageuka kuelekea mlangoni.

"Usinishukuru," alisema. "Sasa na mimi ni mtu wa kwenu."